Ukingo Uliogeuka

Mji ule haukuwa na jina, kwa sababu jina ni la kutofautishia, na Baraza lilikwisha kutangaza kwamba hakuna mji mwingine. Ulikuwa na kitovu na ulikuwa na barabara. Kitovuni alikaa Mwenye Kitovu, ambaye watu walimjua kwa maagizo yake tu. Barabara ilikuwa duara, ikiuzunguka mji pembezoni kabisa, na watu waliitembea kwa zamu, wake kwa waume, kwa sababu Baraza lilisema ni miguu yao inayousukuma mji mbele. Siku wakisimama mji utasimama, na mji uliosimama huoza kama maji ya dimbwi. Aliyeuliza tunakwenda wapi aliambiwa: mbele. Na haikuwa uongo. Kila mtembezi alipotazama mbele yake, aliiona mbele ipo.

Kiwanda cha Kalunde kilikuwa nje ya barabara hiyo, hatua kumi hivi, maana sheria ya zamani ilikataza moto wa mhunzi kuwashwa ndani ya duara. Nyuma na kandokando ya kiwanda ilianza nyika: mawe, miiba, na anga nyingi kupita kiasi. Hakuna aliyekwenda huko. Hata Kalunde mwenyewe, aliyelala na kuamka akiwa ameipa mgongo, hakuwahi kuikanyaga zaidi ya mahali pa kumwagia majivu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake imejaa makovu madogo ya cheche, sikio la kushoto zito kwa milio ya nyundo. Umri wake hakuujua. Katika mji ule mwaka ulikuwa ni mzunguko mmoja wa barabara, na aliyeamua kwamba mzunguko umetimia ni Baraza, si miguu. Upo mwaka uliokwisha kwa siku tatu. Upo mwaka uliomeza masika mawili na ukame mmoja. Walikuwapo mabinti waliowazidi mama zao umri, na hakuna aliyecheka.

Mhunzi wa kwanza pale kiwandani alikuwa mama yake, Nyanzala. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kuusikiliza moto, kushika koleo bila kulikaba, kujua kwa rangi chuma kimeiva au bado. Kisha akaitwa zamu. Mizunguko saba, waliambiwa, halafu atarudi nyumbani. Akatembea mmoja, akatembea mitatu, akatembea sita. Wa saba haukutimia. Kila ulipokaribia, Baraza liligundua dosari mahali fulani, labda mtu alijikwaa, labda mvua ilinyesha upande usiofaa, likatangaza kwamba huo ulikuwa wa sita bado. Na kila mzunguko ulipoanza, watembezi walivalishwa shingoni kipande cha bati chenye jina jipya, ili asiwepo wa kukumbuka ni nani aliyeanza.

Asubuhi ambayo hadithi hii inaihusu, Kalunde alimwona mama yake akija ndani ya vumbi. Alimjua kwa mwendo, bega la kulia limeshuka kidogo, bega la mtu aliyepiga nyundo miaka mingi. Akaingia barabarani, akatembea kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nyanzala hakugeuka. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wako."

Mama akainua kile kibati, akakisogeza karibu na macho. "Mimi naitwa Tulizana. Kwa jina hili sijazaa."

"Na jina la kabla ya hilo?"

"Hilo silikumbuki. Na wewe usinikumbushe, utanipotezea hatua."

"Umechoka, mama."

"Nimebakiza mmoja tu," akasema Nyanzala, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli, na furaha hiyo ndiyo iliyomchoma Kalunde kuliko yote. "Mmoja tu, mwanangu. Niache nitembee."

Zamani Kalunde aliwahi kumvuta. Alimkamata mkono akamtoa nje ya barabara kwa nguvu, mpaka mlangoni mwa kiwanda, na mama akaanguka chini akitafuta hewa kama mtu anayezama, akilia kwamba ametolewa duniani, kwamba hayupo tena, kwamba asaidiwe awepo. Maana walifundishwa hivyo: aliyetoka barabarani hayupo. Akatambaa kwa magoti akarudi vumbini. Siku hiyo Kalunde alielewa kwamba mtu havutwi kutoka kwenye duara. Akivutwa, analibeba duara lake tumboni na kwenda nalo.

Lilikuwa ni vumbi hilo lililoleta habari ya ukingo. Miguu ya watu wengi kiasi kile ilitimua vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo, lisilotua usiku wala mchana, na aliyekuwa ndani yake hakuona zaidi ya urefu wa mkono wake. Baadhi ya watembezi walianza kupinda bila kujua na kutokea nje. Baraza likaagiza ukingo wa chuma ujengwe mkono wa kulia wa barabara, duara zima, upande wa nje, na likatoa amri ya maneno matatu iliyoimbwa kwa ngoma: shika chuma, usiache. Kazi akapewa Kalunde, kwa kuwa hapakuwa na mhunzi mwingine.

Alizikunja pau za chuma za ukingo huo moja moja, kila moja mpindo uleule mdogo ambao ukiutazama peke yake huwezi kuapa kwamba umepinda. Aliyezikagua alikuwa Karani Chaurembo, mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi, aliyetembea na kiolezo cha mbao kilichochongwa kwa mpindo wa barabara. Aliweka kiolezo juu ya upau, akainama, akatazama kama mwanga unapenya. Usipopenya alisema "Sawa." Ilikuwa kazi yake yote. Na sasa ukingo ulikuwa umezunguka mji mzima na kurudi ulikoanzia, umebaki mwanya mmoja, mbele ya kiwanda, ambapo pau zilikuwa zikipitishwa. Upau mmoja ungeuziba. Karani alileta pau mbili, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba.

"Leo tunamaliza, Bi Kalunde," alisema, akikaa juu ya gogo.

Kalunde aligeukia barabara. Alikuwa akiwatazama watembezi wakipita. Wengi walikuwa wamefumba macho. Zamani waliiamini miguu. Sasa imani yote ilikuwa imehamia kwenye kiganja. Kiganja kiliteleza juu ya chuma na mwili ukafuata, kama jahazi la udongo linavyofuata kamba ya mtoto. Wanakwenda kinakokwenda chuma, aliwaza. Basi ni mimi. Miaka yote hii nadhani ni Kitovu kinachowazungusha, kumbe ni mimi na nyundo yangu.

"Karani," alisema hatimaye, "huu sitaupinda."

"Utaunyoosha?"

"Nitaugeuza. Utatoka kwenye nguzo ile, utafika hapo katikati, halafu utageuka kona mraba kuelekea nyikani."

Chaurembo alikohoa, akafuta mdomo kwa kitambaa. "Kiolezo hakina kona."

"Najua."

"Nikikiweka juu yake mwanga utapenya."

"Utapenya sana."

Karani alikigeuzageuza kiolezo magotini. "Huko nyikani kuna nini?"

"Sijui."

"Unawapeleka watu usikokujua?"

"Ninyi mnawapeleka mnakokujua," alisema Kalunde. "Ni hapahapa."

Karani hakukasirika. Alisimama, akasema jambo kama hilo limezidi cheo chake, lazima aende kitovuni akaulize. "Kwenda na kurudi ni siku nzima," akaongeza, na hakumtazama aliposema hivyo. Kiolezo alikiacha kimeegemea ukuta. Kalunde hakujua kama alikisahau.

Basi akachochea moto.

Upau wa kwanza aliuharibu kwa haraka. Ghadhabu ilikuwa imemjaa na mikono ikatangulia akili. Akaupasha mpaka ukawa mwekundu wa kukolea, akaulaza kwenye ukingo wa fuawe, chuma kizito cha kufulia, akaukunja kwa kishindo. Ukakunjika, ndiyo. Lakini kwa nje kona ilikuwa mviringo na nyembamba, chuma kimevutwa kama ngozi ya ngoma, na kwa ndani kilikuwa kimejifinya. Akajaribu kuinoa kona hiyo kwa nyundo. Ufa mweusi ukafunguka upande wa ndani, mwembamba kama unywele, kisha kama uzi, kisha upau ukaachana vipande viwili miguuni pake.

Akakaa chini. Nje watembezi walipita, viganja vikisugua chuma, sauti kama ya mvua isiyonyesha. Akacheka kidogo, peke yake, kwa uchungu. Alikuwa amefanya kwa upau kile alichomfanyia mama yake. Aliukamata ukiwa mwembamba akaulazimisha.

Chuma hakigeuki hivi hivi. Nani aliyesema? Mama. Mama yupi, Nyanzala au Tulizana, au yale majina mengine yote ya bati? Kikusanye kwanza. Mahali unapotaka kigeuke, hapo kinenepe kabla ya kugeuka. Nani alikuwa amesimama hapa wakati huo, na mkono huu ulikuwa wa nani? Labda mimi ndiye Nyanzala na binti ndiye anayetembea. Labda tulibadilishana kwenye mwaka ule wa siku tatu. Haidhuru. Moto haujali jina. Moto unauliza tu: kimeiva?

Akauchukua upau wa pili, wa mwisho. Akaupasha mahali pamoja tu, urefu wa kiganja, na ulipofika rangi ya chungwa lililoiva sana akautoa, akaumwagia maji huku na huku, ili joto libaki pale katikati na pengine pote pawe pagumu. Akausimamisha wima kama mchi, akaudunda juu ya jiwe la chini. Ukadunda na mikono yake ikatetemeka mpaka begani. Akaudunda tena. Uzito wote wa upau ulishuka ukakutana na ugumu wa jiwe, na kwa kuwa pote palikuwa pagumu isipokuwa pale penye joto, pale ndipo palipokubali: pakaanza kuvimba. Akaurudisha motoni, akautoa, maji huku, maji kule, akaudunda. Mara sita alifanya hivyo, au mara saba; hakuhesabu, kuhesabu alikuwa amewaachia wao. Uvimbe ukawa kama goti.

Ndipo alipokunja, polepole, juu ya ukingo wa fuawe uliolainishwa kidogo. Kona ikatokea, butu, nene, bado haijawa chochote. Akaanza kuijenga. Pigo moja kwenye mkono huu wa upau, kuusukuma kuelekea kona. Pigo moja kwenye mkono ule, kuusukuma kuelekea kona. Upande wa ndani hakuugusa. Huko aliacha mpindo mdogo, kiasi cha kidole, kwa kuwa alikwisha kuonywa na ufa. Huku, kule. Huku, kule. Chuma kilichokusanywa hakikuwa na pa kwenda ila nje, kwenye ncha, na ncha ikaanza kujaa.

Alipokuwa akipiga, mawazo yalimjia bila kuitwa. Duara halina kosa, aliwaza, na ndiyo hatari yake. Hakuna mahali ndani ya duara ambapo mtu anaweza kusimama aseme: hapa niligeuka. Amegeuka kila mahali, kidogo kidogo, kiasi asichokihisi, mpaka amerudi alikotoka akidhani amefika. Mwenye kukuzungusha hakwambii geuka. Anakwambia nyooka, kisha anaipinda dunia. Kona ni ya mtu. Kona ina kabla na ina baada. Mtu aliyekata kona atajibu akiulizwa. Atasema, nilikuwa nakwenda kule, nikaona, nikaja huku. Labda ndiyo maana hawaitaki. Si kwamba wanaogopa nyika. Wanaogopa mtu mwenye kabla na baada. Na labda mimi pia naogopa. Nimeipa mgongo nyika hiyo maisha yangu yote, nikiitumia kwa majivu. Piga. Huku, kule.

Jua lilipokuwa limeinama alitia kona katika kipimo cha mraba alichorithi, na mwanga haukupenya popote. Akausubiri upau upoe wenyewe, bila maji. Kulipopambazuka akaubeba begani mpaka kwenye mwanya, akaupigilia misumari mitatu ya ribiti kwenye nguzo ya mwisho, na mguu wake wa pili akauelekeza nyikani, juu ya nguzo fupi aliyoizika, hatua chache nje ya barabara, mpaka ulipoishia hewani. Akarudi akasimama kwenye kona. Hakumwita mtu. Amri ilikuwa imekwisha kutolewa, tena kwa ngoma: shika chuma, usiache.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja aliyefumba macho. Kiganja chake kiligusa kona, kikasita, kikairudia, kama mtu anayesoma neno gumu. Akaacha chuma. Akanyoosha mkono mbele akipapasa, akaukuta ukingo upande wa pili wa mwanya, akaendelea na mzunguko. Wa pili akafanya vivyo hivyo, na wa tatu, na wanawake wawili walioshikana nguo. Kalunde aliwatazama wakiivunja amri ili waendelee kutii. Hilo hakulitegemea. Jua likapanda, watu wakapita, mia moja, mia mbili, kila mmoja akiikagua kona kwa vidole na kuiruka.

Kisha ndani ya vumbi ukaja ule mwendo wa bega lililoshuka.

Nyanzala alifika, kiganja kikagusa kona, kikasimama. Hakukiondoa. Waliokuwa nyuma wakamgonga mgongoni, naye hakusogea. Akaleta na mkono wa pili. Akapapasa ncha ya nje, akaifuata kwa kidole gumba, akaingia upande wa ndani, akarudi nje.

"Nani kafua hapa?" aliuliza.

"Mimi," alisema Kalunde.

"Ulikikusanya kwanza."

"Ndiyo."

"Ndani umekiacha na mpindo. Vizuri. Wengi hupabana." Akapapasa tena, uso umekunjamana. "Lakini mkono huu umeupiga zaidi ya ule. Kona imelalia upande. Kidogo sana, ila imelalia."

"Ndiyo, nimeona."

"Aliyekufundisha hakukumaliza."

"Aliondoka kabla ya kunimaliza," alisema Kalunde.

Mama alitikisa kichwa, kama fundi anayesikitikia kazi ya watu wasiokuwepo. Hakuuliza jina. Aligeuka tu. Mkono uliteleza kwenye kona, mwili ukafuata, na ghafla alikuwa akitembea kuelekea nyikani, akikagua chuma hatua kwa hatua, akinung'unika juu ya alama za nyundo. Walio nyuma yake walikuwa wameshikilia nguo yake. Nao wakageuka.

Alipofikia mwisho wa upau, mkono wake ukaangukia hewani. Hapo vumbi lilikuwa jepesi. Akafumbua macho, akayafumba, akayafumbua.

"Chuma kimeisha," alisema.

"Kimeisha, mama."

"Sasa nishike nini?"

Kalunde alitaka kumpa mkono. Mkono ulikwisha kuinuka. Akaurudisha, na hilo lilikuwa pigo gumu kuliko yote aliyoyapiga tangu jana.

"Hakuna cha kushika," alisema.

Nyanzala alisimama hapo, anapumua kwa nguvu, kifua kikipanda na kushuka, na Kalunde akaona ile hofu ya kuzama ikija usoni pake. Alisubiri aanguke. Hakuanguka. Alikivua kibati shingoni, kwa sababu kilikuwa kikimwasha, akakitupa bila kukisoma, akaweka mguu mmoja kwenye mawe ya nyika, akalalamika kwamba yana ncha, akaweka na wa pili.

Karani Chaurembo alirudi adhuhuri na wanaume kumi na wawili wenye minyororo. Watu kama thelathini walikuwa wamekaa nyikani wakitazama mbali, hawajui wafanye nini na macho yao, na wengine walikuwa wakizidi kutoka.

"Nimeuliza," Karani alisema. Alikuwa amechoka, kikohozi kimezidi. "Jibu ni kwamba kona inyooshwe kabla ya ngoma ya mzunguko."

"Ya wa sita au ya wa saba?"

Karani alielekeza kidole kwenye makaa. "Washa moto, Bi Kalunde. Tafadhali."

Kalunde aliielekea tanuru, Karani akimfuata. Kisha akachukua ndoo ya maji, akaimwaga juu ya makaa, na moshi mweupe ukapanda ukawafunika wote wawili.

"Sifui," alisema moshi ulipotawanyika. "Leo sifui, na kesho usije kuniuliza."

"Watainyoosha bila moto."

"Wajaribu."

Wanaume wakafunga minyororo kwenye mguu ule uliotazama nyikani, wakajipanga upande wa barabara, wakavuta. Kona haikusogea. Walikuwa wakivuta mahali penye chuma kingi kuliko mahali pengine popote kwenye ukingo ule wa mji mzima. Wakahesabu kwa pamoja wakavuta tena, miguu ikichimba vumbi. Kikalia kitu. Haikuwa kona. Nguzo ya mwisho ya ukingo ilikuwa imeinama, udongo umepasuka shinani mwake, halafu ikang'oka, ikaja na upau uliofuata, ule uliopindwa vizuri, uliokaguliwa ukaambiwa sawa.

Wanaume walimgeukia Karani. Yeye alitazama kona, ikiwa bado mraba mle kwenye mnyororo, akatazama pengo lililokuwa limepanuka maradufu, akatazama watembezi ambao sasa hawakuwa na cha kushika, wakitokea vumbini mmoja mmoja kwenye mwanga na kusimama.

"Tusimame, bwana?" mmoja wa wale wanaume aliuliza.

"Nimeagizwa inyooshwe," alisema Chaurembo polepole. Aliketi juu ya gogo, akakunja kitambaa chake mara nne. "Sikuagizwa kusimama."

Wakavuta tena. Kalunde alipanda juu ya fuawe akakaa, mikono imejaa masizi, akiwa ametazama nyika kwa mara ya kwanza bila ndoo ya majivu mkononi. Nyuma yake nguzo ya pili iling'oka, kisha ya tatu.